Tundu la Paka kwenye Mlango wa Mninga

Nilikata mlango wa mume wangu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba. Naandika hivyo, mlango wa mume wangu, kwa sababu ndivyo alivyouita mwenyewe tangu siku ulipotiwa kwenye fremu. Nyumba ilikuwa yetu, watoto wetu, hata bati lililovuja tulisema letu. Mlango ulikuwa wake.

Majirani wawili watatu wa huku kwetu Naliendele walisema nimepata wazimu. Sikuwa na wazimu. Nilikuwa na hasira, tena si ile ya kutetemeka na kurusha sahani. Ilikuwa hasira ya muda mrefu, ile inayokuacha na mikono mikavu na akili inayopiga hesabu za sentimita.

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi mwezi wa tano mwaka huo, baada ya kupimwa na kuambiwa ana sukari. Alikuwa akiishi Mahurunga, akilima muhogo wake na kuokota korosho zake, na kufika kliniki kutoka kule ni safari. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyemleta. Alishusha gunia la makopa ya muhogo, mkeka, na kikapu kilichofungwa kitambaa juu. Kikapu kilikuwa kinalia. Ndani yake alikuwemo paka jike wa rangi ya kijivu.

"Mama, na paka naye anaumwa?" mume wangu aliuliza akicheka.

"Huyu ndiye aliyekuwa ananiangalia," mama akamjibu. "Wewe ulikuwa mjini."

Tulicheka sote. Mama alikuwa mtu wa maneno ya namna hiyo. Mimi, akifurahi, aliniita mwanangu. Akikasirika aliniita Mwalimu, kwa kuwa nafundisha shule ya msingi, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Tulimpa chumba cha nyuma, kile kilicho karibu na mlango wa uani, ili asiende mbali kutafuta choo. Chumba hicho ndicho kilichokuwa na magunia yetu ya mahindi, na sasa na makopa yake. Nyuma ya ua wetu kuna mikorosho ya mtu ambaye haisafishi, majani yamerundikana, na panya wa humo ni wale wakubwa wasiomkimbia mtu mpaka wamtazame kwanza. Mama alipoingia siku ya kwanza alinusa, akasema, "Humu mna wenyewe." Akamfungua paka.

Kwa wiki mbili tatu mambo yalikwenda vizuri. Shida ilikuwa mlango huo wa uani.

Mume wangu anaendesha winchi bandarini. Tulipojenga, alitafuta mbao za mninga mwenyewe, akazipeleka kwa fundi seremala, akasimama pale kila jioni kuangalia kila kipande kinavyopigwa randa. Mlango ulipokamilika alipaka vanishi mara tatu, na mpaka leo huufuta kwa kitambaa laini. Madirisha nayo alitaka ya alumini yenye wavu wa kuzuia mbu, yasiyoachia hata nzi. Kwa hiyo paka hakuwa na njia ya kuingia wala kutoka isipokuwa mtu anyanyuke amfungulie mlango. Mimi nilikuwa shuleni, mume wangu bandarini, watoto bweni. Aliyenyanyuka ni mama.

Alishika ukuta, hatua kwa hatua, miguu yake imekufa ganzi mpaka vifundoni. Anafungua, paka anatoka, mama anarudi kuketi. Hajapumua vizuri, paka analia upande wa pili. Jioni moja nilimkuta amekaa sakafuni nyuma ya mlango, kwa sababu aliona haina maana kurudi kitandani.

Nikamwambia mume wangu, "Baba, tumfungulie huyu paka tundu chini ya mlango. Dogo tu."

"Kwenye mninga?"

"Kwenye mlango."

Alicheka kidogo puani. "Nitaangalia Jumamosi."

Huo ulikuwa mwezi wa sita. Nasema mapema kwamba mume wangu si mtu mbaya, maana ndivyo kila mtu alivyoniambia baadaye kwa sauti ya kunipoza, kana kwamba nilisema ni mbaya. Hanywi, hapigi mtu, na mama yake anampenda. Lakini ana Jumamosi zake. Jumamosi moja ilikuwa na mpira, nyingine na msiba, nyingine alikuwa amechoka tu. Kisha msimu wa korosho ukaanza, meli zikaja, na bandarini hakukuwa tena na Jumamosi.

Wakati huohuo paka, kwa kukosa wa kumfungulia, akakwaruza mlango. Michirizi mitatu, chini kabisa, hata huioni mpaka uiname. Mume wangu aliinama. Kuanzia siku ile akaamuru paka alale nje, na kila usiku alitia komeo kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kwenda kulala. Nilipolalamika, niliambiwa paka ni mnyama wa nje.

Asubuhi moja mwezi wa kumi na moja nilimpelekea mama chai kabla sijaenda shuleni. Shuka lake lilikuwa na damu upande wa miguuni.

"Mama, umejikwaa?"

"Wapi?"

Nilifunua shuka. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeliwa nyama ya pembeni, chini ya ukucha. Sina neno jingine, kililiwa. Mama alijiinua kwa viwiko, akautazama mguu wake kama anayetazama mguu wa jirani.

"Sikusikia kitu," alisema. "Mwanangu, sikusikia kitu."

Mume wangu alitokea na mswaki mdomoni. Alitazama kidole, akatoa mswaki, akasema, "Panya hawa! Leo nanunua sumu."

Nilingoja aseme neno la pili, lolote, angalau jina la mama yake. Akaenda kusukutua.

Hospitalini, muuguzi aliyesafisha kile kidonda hakuwa na haraka. Alikuwa dada mtu mzima, na mikono yake ilimjali mama. Aliponivuta pembeni aliniambia, "Watu husema panya anauma huku anapuliza. Kwa mgonjwa wa sukari hana haja ya kupuliza. Mama huyu hana hisia miguuni. Mnaishi naye vipi chumba chenye panya?"

Nikasema tuna paka.

"Sasa paka alikuwa wapi?"

Aibu niliyoipata pale sijawahi kuipata mbele ya mkaguzi yeyote wa shule. Nilimwambia alikuwa nje. Hakuniuliza kwa nini, na mimi nikashukuru, maana ningesema kwa sababu ya vanishi.

Jioni mume wangu alileta sumu kweli, punje za rangi ya waridi kwenye karatasi, akaziweka chini ya kitanda cha mama yake. Nilizizoa na kuzitupa chooni.

"Sasa unataka nini?" aliniuliza.

"Unaniuliza leo ninataka nini?"

"Nakuuliza."

"Tundu. Upana wa sahani. Mama yako analiwa."

Alikunja uso. Hapo niliona kwamba ameumia, sikatai, aliumia. Lakini alichosema ni, "Basi. Jumamosi."

Nilicheka, kicheko kibaya. Jumamosi ile aliitwa kazini, akaenda.

Jumatatu yake shule zilikuwa zimefungwa, watoto wamekwenda likizo Masasi kwa ndugu zangu, nikaenda kwa fundi seremala, yuleyule aliyetengeneza ule mlango. Karakana yake iko kando ya barabara, si mbali. Nilimweleza. Alisikiliza akipanguza maranda kifuani, akasema, "Mwalimu, ule mlango naujua kama mwanangu. Siwezi kuukata mpaka mzee aniambie."

"Mimi nakwambia."

"Naam, nimekusikia. Lakini mwenyewe..."

"Mwenyewe nani? Mimi silali mle ndani?"

Fundi aliona haya, lakini alitoa simu akampigia mume wangu palepale mbele yangu. Sauti ilisikika mpaka nje. "Yuko hapo? Mwache kwanza. Mwambie arudi, tutaongea nyumbani." Alinizungumzia kama mbuzi aliyekata kamba akaonekana kwa watu.

"Mzee anasema..." fundi akaanza.

"Nimesikia."

Nikamuaga kwa heshima, nikarudi. Nilipika, nikangoja yale maongezi ya nyumbani. Mume wangu alirudi, akaoga, akala, akatazama taarifa ya habari mpaka mwisho, na michezo, na hali ya hewa. Akasema kesho mvua. Akatia komeo, akalala.

Kesho yake ndiyo Jumanne.

Shuleni nafundisha Stadi za Kazi, pamoja na masomo mengine. Watoto wangu wa darasa la sita wanajua kutengeneza kigoda kinachokalika. Nina sanduku langu la vifaa: keekee ya kutobolea, msumeno mwembamba, tupa, patasi, rula ya chuma. Miezi yote ile vifaa vilikuwa chini ya kitanda changu, na hili nalo lilinichoma. Nilikuwa nikingoja ruhusa ya kufanya kitu ninachokifundisha.

Nilimsimamisha paka kwenye kipande cha boksi, nikachora mabega yake, nikaongeza kidole kimoja kila upande. Nikapiga mistari mlangoni kwa penseli, nikatoboa pembe nne kwa keekee. Mama alikuwa amekaa uani kwenye kiti, mguu wenye bandeji umewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliposikia keekee ikilia aligeuka.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Namkatia paka njia, mama."

"Mtoto wangu anajua?"

"Anajua tangu mwezi wa sita."

Nikaingiza msumeno. Mninga ni mti mgumu na unga wake mwekundu unanata kwenye jasho. Nyuma yangu mama akaanza. Kwao mwanamke haharibu mlango wa mume. Mlango ndio uso wa mtu, mgeni anausoma kabla hajakusoma wewe. Mwanawe ameutolea jasho. Nilitoka wapi mimi, nani alinifunza, mama yangu kule Masasi alinipa mafunzo gani. Alipomgusa mama yangu, ambaye ni marehemu, niliuacha msumeno ukining'inia kwenye mbao nikageuka.

Sijawahi kumwinulia mama mkwe sauti. Siku ile nilimwinulia.

"Umeliwa mguu, mama! Umeliwa na panya ndani ya nyumba ya mtoto wako, na wewe unalilia mbao!"

Jirani aliyekuwa anafua ng'ambo ya ua aliacha kufua. Mama alivuta khanga yake mpaka mdomoni, akatazama chini. Niliona aibu, mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Lakini sikuona aibu ya kutosha kuniachisha kukata. Niligeuka nikaendelea mpaka tundu likaisha.

Halikuwa tundu zuri. Upande mmoja msumeno ulikuwa umekwenda kombo pale nilipokuwa nagombana. Kile kipande nilichokitoa nilitaka kukifunga bawaba juu kiwe kijimlango, lakini kilikuwa kizito, paka alikisukuma kwa kichwa hakikutikisika. Nikakata kipande cha plastiki kutoka ndoo tupu ya rangi, nikakitia bawaba mbili ndogo za sanduku, nikalainisha kingo kwa tupa. Kiganja changu cha kulia kilikuwa na malengelenge mawili yaliyopasuka. Nikafagia unga, nikaenda kupika.

Mume wangu huingia kwa mlango wa uani. Jioni ile nilimsikia akifika, halafu nikasikia hatua zimesimama. Nilitoka jikoni. Alikuwa amechuchumaa, anapitisha kidole kwenye ule ukingo uliokwenda kombo.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Ungesubiri."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kelele, hata kwa kufukuzwa. Sikujiandaa kwa neno hilo.

"Nilisubiri," nilimwambia. "Nimesubiri mpaka mama yako amepungua."

Mama akadakia kutoka chumbani kwake, kwa sauti ya mtoto anayemshitaki mwenzake, "Nilimkataza, baba. Nilimkataza hakusikia."

Mume wangu alisimama, akanipita bila kunigusa, akaingia ndani. Zaidi ya mwezi hakuniambia neno moja kwa moja. Alimtuma mama yake hata tulipokuwa watatu mezani. "Mama, mwambie Mwalimu chumvi imepungua." Na mama, Mungu amweke, alikuwa ananigeukia na kusema, "Chumvi imepungua."

Na paka hakutaka kupita. Kwa siku nne alikaa mbele ya ile plastiki akiitazama na kulia kama zamani, na mume wangu alimsikia, na sikuweza kuvumilia uso wa mume wangu wakati paka analia. Siku ya tano nilikuwa nasuka kichwa barazani kwa jirani, nikaona kupitia matundu ya ua: mama amejikokota mpaka mlangoni, amekaa sakafuni, anapaka ile plastiki mchuzi wa dagaa kwa kidole. Akainyanyua kidogo, akaita, "Nyau, nyau, njoo mama." Paka akanusa, akalamba, akatia kichwa, akapita. Mama akapiga makofi. Niliporudi nikamkuta bado yuko pale.

"Plastiki yako inabana," aliniambia.

Panya walianza kuokotwa. Kila asubuhi mmoja, wakati mwingine wawili, wamepangwa kando ya kitanda cha mama. Kidonda kilikwenda polepole. Tulikwenda hospitali kukisafisha kila baada ya siku mbili, mimi na yeye na bajaji ileile, mpaka mwezi wa pili. Ukucha ulitoka haukurudi, na kidole kikabaki kimeinama, lakini kilibaki. Muuguzi alituambia kuna wenzetu hawakubahatika. Mume wangu alikuja nasi mara mbili. Nilizihifadhi hizo mara mbili kichwani ili nisije nikasema hakuja kabisa.

Nilirudi kutoka shuleni siku moja ya Januari nikamkuta ana mapumziko, yuko uani na msasa. Alikuwa amenyoosha ule ukingo wa kombo, amepigilia vipande vyembamba vya mninga kuzunguka tundu kama fremu ya picha, ameondoa plastiki yangu na kuweka ubao mwepesi uliopakwa vanishi. Ulikuwa umependeza. Siwezi kusema uongo, ulipendeza kuliko wangu kwa mbali. Nikasimama na mkoba wangu begani, na hasira ambayo nilidhani imeanza kuondoka ikanirudia yote. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja.

"Sasa limekaa vizuri," alisema, na huko ndiko kulikuwa kuanza kwetu kusemezana tena. Hakuomba radhi. Mimi nikasema, "Limekaa."

Shemeji alikuja kutoka Mahurunga na mkewe mwezi wa tatu kumjulia mama hali. Walikaa sebuleni, mama amekalia mkeka wake, amenyoosha miguu. Paka akaingia kupitia tundu, ule ubao ukagonga kidogo nyuma yake, na shemeji akasema, "Ee! Huyu ana mlango wake?"

"Mama alikuwa anapata tabu kunyanyuka," mume wangu akasema. "Nikaona nimfungulie kijimlango. Mninga mgumu, lakini tumeweza."

Nilikuwa nimeshika sinia ya chai na mihogo ya kuchemsha. Niliiweka mezani. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nayo kwa miezi, yamepangwa vizuri, na nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Usimdanganye ndugu yako," alimwambia mwanawe. "Mkeo ndiye aliyekata. Mimi nilikaa pale uani namtukana, mpaka na mama yake marehemu nilimtukana. Wewe umekuja kupaka rangi."

Shemeji alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Mama, si utani tu," mume wangu alisema.

"Na hiki nacho utani?" Mama akauinua mguu wake, akakitikisa kidole kilichoinama mbele ya watu wote. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mimina chai, itapoa."

Nikamimina. Nilipaswa kufurahi, na sehemu yangu ilifurahi, nilitaka kwenda kumbusu yule bibi. Lakini niliona pia kwamba maneno yangu yote yamesemwa na mtu mwingine, tena kwa ufupi, na sasa nimebaki nayo tumboni hayana pa kwenda.

Wageni walipoondoka, mume wangu alinifuata pale mezani nilipokuwa nakusanya vikombe.

"Ungeniambia kama ulitaka nikutaje," alisema.

"Sikutaka unitaje. Nilitaka ukate."

"Kazi zilikuwa nyingi."

"Zilikuwa nyingi."

Alishika mgongo wa kiti, akakizungusha kidogo. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Bado una hasira?"

"Ninayo."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa bei akaona haina kupungua. Alichukua vikombe mkononi mwangu, akavipeleka jikoni, nikasikia maji yanafunguliwa. Nikamwacha. Nilikuwa na madaftari ya darasa la sita ya kusahihisha, nikayavuta karibu, nikatafuta kalamu nyekundu.